Pengo Katika Kitabu cha Bonde la Ilole

Harufu ya spiriti ya zahanati hunijia kabla ya sura ya baba. Kwanza naisikia puani, kali na baridi, halafu naiona mikono yake, halafu koti lake la kaki lenye mifuko minne, na uso wake huja mwisho kabisa. Tulipomzika, mwaka juzi, sikulia kwa sauti kama dada zangu. Nilikaa jikoni nikachambua mchele. Lakini siku tulipoanua matanga walinipa sanduku lake la bati, na nilipofungua kifuniko ile harufu ikanipiga usoni. Nikalifunga, nikatoka nje, nikakaa nyuma ya nyumba mpaka shemeji yangu akaja kuniuliza kama nimeumwa na nge.

Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na kaunta buku lenye jalada jeusi. Karibu nusu yake imeandikwa kwa kalamu ya kawaida, na sehemu iliyobaki kwa ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, maana wino ulituishia. Mwandiko ni wangu, wa mtoto wa darasa la nne. Mimi nimesoma mpaka la saba tu, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua ya posa, kwa hiyo mnivumilie. Nataka kuwasimulia jinsi tulivyoandika kitabu cha bonde letu, na jinsi mimi nilivyokiharibu, na lililotupata kwa sababu hiyo.

Baba alikuwa dresa katika zahanati ya misheni, upande wa Segese. Alisafisha vidonda, akafunga bandeji, akachemsha sindano. Mkubwa wake alikuwa mwanamke Mwingereza, mzee kidogo, mrefu, aliyeitwa Misi Edith. Kiswahili chake alijifunza kitabuni. Aliwauliza akina mama, "Je, waumwa na kipi?" nao walitazamana kwanza kabla ya kujibu. Lakini alikuwa na mikono myepesi kwa watoto, na hakuna aliyemcheka mbele yake.

Misi Edith alitoka kwenye bonde la wakulima huko kwao Uingereza. Jina lake sikuweza kulitamka wakati ule, na leo pia siwezi. Juu ya kabati la dawa aliweka vitabu vitatu, na vyote vilihusu bonde hilo moja. Kimoja kiliandikwa na padri wa zamani wa hapo, kingine na mwalimu, na cha tatu na mama mmoja mfuga kondoo. Mchana, wagonjwa wakiisha, alimfungulia baba kurasa na kumweleza kilichomo. Mto uliwahi kubeba daraja. Kinu kilikuwa cha fulani, kikarithiwa na mkwewe. Mkulima mmoja hakumsalimia jirani yake kwa miaka kumi na tisa kwa sababu ya bata.

Baba aliuliza, "Huyo mwenye bata alikuwa mtemi?"

"La, mkulima tu."

"Na ameandikwa?"

"Ameandikwa."

Siku hiyo baba alirudi nyumbani akala ugali bila kuigusa mboga. Mama alidhani amepewa habari ya msiba. Alipomaliza kula alisema, "Kumbe mtu anaweza kuandikwa kwa sababu ya bata." Alikuwa akidhani, kama sisi sote, kwamba vitabu ni vya wafalme, na vya Mungu, na vya watu waliopigana vita. Hakujua kwamba bonde la watu wenye majembe linaweza kukaa ndani ya jalada gumu, tena majalada matatu.

Misi Edith alipostaafu na kurudi kwao alimwachia baba kile kitabu cha mama mfuga kondoo. Alimpa na kaunta buku jipya, akamwambia, "Na wewe andika la kwenu." Kiingereza baba alikijua kidogo sana, lakini mwisho wa kitabu kulikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nane, na hiyo hata mimi niliweza kuisoma. Ilikuwa ramani ya bonde lao. Kila shamba limezungushiwa mstari, na kila mstari una jina ndani yake. Misi alikuwa amemwandikia baba kwa penseli maana ya baadhi ya majina hayo. Lilikuwepo Shamba la Mjane. Lilikuwepo Shamba la Kondoo Kiwete.

"Tazama, Kabula," baba aliniambia huku akipitisha kidole juu ya karatasi. "Hakuna mahali peupe. Kila pahali panaitwa kitu."

Maneno hayo niliyashika vibaya, kama mtakavyoona.

Mwandishi nikawa mimi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa baba, lakini sababu haikuwa hiyo hasa. Aliyelijua bonde letu la Ilole tangu juu hadi chini alikuwa bibi yangu Nyamizi, mama yake baba. Kwetu Usukumani mtu mzima hakai na mama yake akamhoji habari za ujana wake, lakini mjukuu ana ruhusa ya kuuliza lolote. Mimi na bibi tuliitana mke mwenza. Akiniona asubuhi, baada ya salamu ya "wangaluka" tu, aliniuliza kama mume wetu, yaani babu aliyekwisha kufa, alinitembelea ndotoni, na kama alileta nyama.

Basi tulikaa uani kwake tukibangua karanga. Yeye alisimulia na mimi niliandika. Alikuwa na namna yake. Alifumba macho, akaanza juu kabisa penye mwamba inapotoka chemchemi, akateremka na kijito mahali kwa mahali, na wakati wote huo miguu yake ilikuwa ikikanyaga vumbi pole pole pale alipoketi, kama mtu anayetembea kweli. "Hapa Mwashija," alisema, yaani kwa Shija, maana mahali pengi kwetu huitwa kwa jina la aliyefungua mji pale. Kisha akaeleza Shija alikuwa nani, aliacha watoto wangapi, na jinsi alivyomwogopa mkewe. Kisha tukashuka mpaka Mkwajuni. Akifika Mkwajuni alivuta kitenge chake juu ya kichwa, akatema ganda la karanga, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Halafu tunafika Mwakulwa."

Nilipochora ramani yetu, kwa kuiga ile ya Misi, niliona tatizo. Kati ya Mkwajuni na Mwakulwa palikuwa na mwendo mrefu. Nilipajua kwa sababu tulikata kuni huko. Palikuwa na kichaka cha miiba kisicho na kitu, na katika ramani yangu pakabaki peupe, kama kiraka kwenye nguo. Nilimrudia bibi mara mbili. Mara zote mbili alivuta kitenge, akatema ganda, akaniambia, "Halafu tunafika Mwakulwa, ng'wanawane, mwanangu. Una haraka ya kwenda wapi?"

Sasa nasema lililo kweli. Nilitaka baba afurahi. Nilitaka ramani yetu isishindwe na ya Wazungu. Basi nilichukua kalamu nikajaza pale peupe. Nilimchukua yule kondoo kiwete wa Uingereza nikamgeuza ng'ombe, kwa sababu kondoo baba angemtambua, nikaandika: Mbuga ya Ng'ombe Kiwete. Kisha nikaandika kurasa mbili nzima za habari yake. Ng'ombe huyo alivunjika mguu, akawa anabebwa kwenda malishoni, na mwenye ng'ombe alikuwa na wivu. Zilikuwa kurasa nzuri. Nadhani hakuna kurasa nzuri kuliko hizo katika kitabu kizima.

Baba alizisoma amesimama mlangoni. "Hili sikuwahi kulisikia," alisema. "Bibi yako ni hazina." Akanipapasa kichwa, nami nikaenda kuteka maji bila kutumwa. Lakini uongo nao huzoeleka. Baada ya wiki nilisahau.

Kulikuwa na habari moja zaidi, na hiyo bibi aliisimulia mwenyewe, mimi sikuitunga. Mwaka ule alipoletwa akiwa bibi harusi kulikuwa na ukame mkali. Visima vyote vya bonde vilikauka, vikabaki nyufa, na ng'ombe wa koo tatu wakanyweshwa kwenye kisima kimoja tu. "Kilikuwa wapi, bibi?" nikauliza. "Kwa mwenyewe," akajibu. Mwenyewe ni baba mkwe wake, Luhende, aliyemzaa babu yangu. Bibi hakuwahi kulitamka jina hilo, maana mkwe hatajwi. Hata mtoto wa jirani aliyeitwa Luhende, bibi alimwita "Wewe mwenye pua." Baadaye mtoto mdogo alitumbukia katika kisima hicho. Alitolewa mzima, lakini mwenyewe akasema kimeonja mtu, kisije kikazoea, akaamuru kifunikwe kwa magogo na udongo. Niliandika kama alivyosema: kwa mwenyewe.

Ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Watu wote wa bonde tuliambiwa tupande kule mwinukoni kando ya barabara, tujenge nyumba kwa mistari. Sitasema mengi juu ya hilo. Wapo waliolia na wapo waliofurahi kuona shule karibu. Bibi alipanda akiwa amebeba jiwe lake la kusagia. Alipoonyeshwa kiwanja chake alikigonga kwa kisigino na kusema, "Hapa chini hapana mtu," yaani hajawahi kuzikwa mtu wetu pale.

Msimu wa mvua ulitupitia salama. Ulipofika wa kiangazi, kisima cha kijiji kilitoa tope, kisha kikatoa harufu, kisha hakikutoa kitu. Visima vya zamani vya bondeni tulivijua vyote, na vyote vilikuwa vifupi, vikakauka kimoja baada ya kingine. Mama na wenzake waliondoka na ndoo asubuhi na kurudi jua likiwa linashuka. Zahanati ilichemsha sindano kwa maji yale yale mara tatu.

Ndipo akaja afisa kutoka wilayani, kijana mpole tu aliyevaa suruali ya kitambaa. Alisema katika mkutano kwamba serikali haiwezi kuacha watu wafe kwa kiu. Akatoa wiki tatu. Maji yasipopatikana, kijiji kitavunjwa, na sisi tutagawanywa katika vijiji viwili vilivyo mbali, vyenye bwawa, na kila familia itapelekwa penye nafasi.

Bibi hakwenda mkutanoni. Alipoambiwa alisema, "Mimi miguu hii imehama mara moja. Mara ya pili mtanibeba nimefunikwa shuka." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, akaendelea kuchambua mboga. Mama alitazama chini. Kila mtu nyumbani alijua bibi hasemi maneno ya mapambo.

Katika mkutano ule ule baba alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni. Aliinua kaunta buku na kusema, "Kuna kisima. Kilinywesha koo tatu mwaka wa ukame. Kimeandikwa humu."

Jilala akacheka. Huyu alikuwa jirani yetu, mtu mwenye mabega kama mlango, aliyewahi kuchimba dhahabu Geita na kurudi na redio moja na maneno mengi. "Dresa!" aliita. "Kitabu chako kina maji? Kikamue basi tuone!"

"Njoo na sururu yako," baba alimjibu, "uone."

Walichimba Mwaluhende. Mahali hapo kila mtu alipajua. Ulikuwa mji wa mzee Luhende, na baba mwenyewe alizaliwa pale. Kwa mwenyewe, nani angefikiri pengine? Wanaume kumi na wawili walipokezana sururu na beleshi. Siku ya kwanza waliimba. Siku ya tatu walikaa kimya. Siku ya sita walifika kwenye mwamba mweusi uliotoa cheche, na Jilala, aliyekuwa chini shimoni, akapiga kelele, "Dresa! Hili duara, hili shimo lako, halina maji wala dhahabu! Lina hasira tu!"

Watu wakacheka, na kicheko chao kilikuwa cha uchovu. Mmoja alisema kaunta buku linafaa kusokotea tumbaku. Mwingine aliniona nimeleta uji akasema, "Huyu naye anaitwa Kabula, mzaliwa wa mvua, na hata tone hatuletei." Baba alikuwa amewafunga bandeji wenzake malengelenge ya mikono, na yake ilikuwa wazi, ina damu. Alikaa ukingoni akanywa uji, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, mimi peke yangu nikasikia:

"Labda mama alichanganya. Amezeeka. Labda hakikuwepo."

Nimefiwa na wengi tangu siku ile, baba akiwa mmoja wao, lakini bado nakumbuka jinsi maneno hayo yalivyoniumiza. Bibi hakuchanganya. Katika kitabu chote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyechanganya, naye alikuwa ameshika sufuria ya uji.

Nilifungua kaunta buku magotini pa baba, nikafungua na ramani. Niliitazama Mbuga ya Ng'ombe Kiwete. Nikamwona tena yule ng'ombe wa uongo, na chini yake nikaona ule weupe, na juu ya weupe miguu ya bibi. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililoliona kila mara bila kulitazama. Alipofika Mkwajuni mdomo ulinyamaza, lakini miguu haikusimama. Iliendelea kukanyaga vumbi, tapu, tapu, tapu, mpaka alipotaja Mwakulwa.

"Baba," nikasema. "Mbuga ya Ng'ombe Kiwete haipo."

"Nini?"

"Niliitunga mimi. Bibi hakusema kitu hapo. Nilitaka pasibaki peupe."

Nilidhani baba atanichapa, na ningefurahi kuchapwa ili jambo liishe. Jilala alichungulia kutoka shimoni, uso wake umejaa vumbi mpaka kope. "Hata ng'ombe wa uongo!" alisema. "Na mimi nilishamhurumia!"

Baba hakumsikia. "Hakusema kitu," alirudia. "Alifanyaje?"

"Alivuta kitenge kichwani. Miguu ilikuwa inatembea."

Baba alisimama. Aliyatazama yale malengelenge yake muda mrefu, kisha akatazama juu bondeni, upande wa kichaka cha miiba. "Mama hakusahau," alisema pole pole. "Mama aliruka."

Tulikwenda kwa bibi, mimi na baba, na Jilala akatufuata kwa mbali, akisema anakwenda kuchukua kiko chake. Baba alibaki nje ya ua. Mimi niliingia nikakaa karibu na bibi.

"Mke mwenza," nikamwambia, "kati ya Mkwajuni na Mwakulwa kuna kwa nani?"

"Kuna njia."

"Ya kwenda kwa nani?"

Akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Mtoto huyu! Anataka nitoe matusi mbele ya mwanangu?"

"Basi usiseme. Twende ukanionyeshe."

Baba alimpakia kwenye baiskeli ya zahanati, nyuma, akiwa amekaa upande na kitenge juu ya kichwa kama bibi harusi, na mimi nikakimbia kando nikimshikilia mgongo. Tulipofika Mkwajuni alishuka. Alinishika mkono, akafumba macho, akaanza kutembea. Watu wa shimoni walikuwa wamekuja nyuma yetu. Miiba ilishika kitenge chake, akakichomoa bila kufumbua macho. Sijui alihesabu nini. Mbele ya kichaka kilichofanana na vichaka vingine vyote alisimama. Aliachia mkono wangu. Akapiga magoti mavumbini, mwanamke yule mzee, akageuza uso pembeni kama mke wa mwana anavyofanya mbele ya baba mkwe, akapiga makofi taratibu mara tatu. Alikuwa anasalimia, hapo palipokuwa mlango wa mji.

Kisha akanyoosha mkono, bila kutazama, kushoto kwake, hatua kama thelathini.

Hapo ndipo tulipoelewa, na mengine bibi akatueleza bila kutaja jina. Mzee Luhende alikuwa na mji kabla ya ule tuliokuwa tunaujua. Ng'ombe wake walipokufa kwa ugonjwa alihama na kujenga chini zaidi, naye baba akazaliwa huko, na jina likahama pamoja na mwenyewe. Wanaume waliokumbuka mji wa kwanza walikufa mmoja mmoja. Waliobaki kuukumbuka walikuwa wake walioolewa pale, na hao ndio ambao hawakuruhusiwa kuutaja, kwa kuwa jina lake ni la mkwe. Pahali palikuwa pamepotea kwa ajili ya heshima tu.

Jilala ndiye aliyeanza kuchimba. Hakutania. Usawa wa kifua sururu ikatoa mlio mwingine, mlio mzito wa mti, akainama akafukua kwa mikono na kuinua kipande cha gogo kilichooza, chekundu kama nyama. Wakatoa magogo mengine, halafu mawe yaliyopangwa mduara. Kesho yake mchana mchanga uliopandishwa kwa ndoo ulikuwa na rangi nyingine. Wanawake waliuchukua mkononi, wakaukamua, wakapakana usoni. Walichimba tena kidogo, kisha Jilala akawa kimya mno huko chini, mpaka mkewe akaogopa, akamwita.

"Nyamaza, mwanamke," sauti yake ikatoka shimoni, imebadilika. "Nakunywa."

Jamani, vigelegele! Sijawahi kusikia vigelegele kama hivyo katika harusi yoyote, yangu ikiwemo. Mama alirusha ndoo hewani ikamwangukia mwenyekiti wa kijiji begani, na mwenyekiti akacheza nayo densi. Watoto tulirushwa. Watu walitoka zahanati wakiwa na bandeji nusu. Jilala alipopandishwa juu, ametota mpaka kiunoni, alinibeba mabegani akanizungusha kisima chote akipaza sauti, "Huyu hapa! Mtungaji! Kabula, endelea kutunga, mwanangu, ukikosea tunapata maji!"

Afisa aliporudi, mwisho wa wiki ya tatu, alikuta ng'ombe wamepanga foleni. Alionja maji kwa kiganja. Alituma watu waje kukijengea kisima kwa saruji, nao walikuja, na kijiji hakikuvunjwa. Kipo mpaka leo, kina watu wengi kuliko ninavyoweza kuwasalimia. Bibi aliishi pale miaka mingine minane, akafa kitandani mwake, na sasa pale chini pana mtu.

Kuhusu kitabu, baba hakunichapa. Jioni ya siku ya maji aliniwekea kalamu mbele. Hakuniruhusu kuchana zile kurasa mbili. Alisema niweke mstari mmoja juu yake, mwembamba, ili mtu aweze bado kusoma, na pembeni niandike: Hapa mwandishi alidanganya, akakiri mwenyewe. Niliandika nikilia. Mwaka uliofuata aliwasomea watu kitabu kizima kanisani baada ya misa, Jumapili nne mfululizo, na watu walikaa chini kwa sababu viti havikutosha. Kila mmoja alisubiri afike kwa babu yake. Alipofika kwenye kurasa za mstari alizisoma nazo, pamoja na maneno ya pembeni. Jilala aliomba zirudiwe.

Jambo moja sikuliandika katika kaunta buku, kwa sababu sikujua kama ni jambo.

Ndoo ya kwanza ya maji safi ilipopanda, mwenyekiti alisema bibi Nyamizi anywe kabla ya wengine. Alikataa ndoo. Alitaka kwenda mwenyewe pale ukingoni, basi wanawake wawili walimshika mikono na mimi nikashika kiuno. Aliinama juu ya kisima, akainama sana, mpaka uso wake ukaingia kwenye baridi ile. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Niliona midomo yake ikifanya kazi, mara moja tu, polepole, halafu akanyanyuka akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema sasa anaweza kunywa. Nilidhani ni kiu. Baadaye nilidhani alisali.

Nimeolewa miaka mingi sasa. Baba mkwe wangu ni marehemu, alikuwa mtu mwema, na jina lake sijawahi kulipitisha mdomoni mwangu tangu siku nilipoletwa kwao. Hakuna anayenikataza. Watoto wangu hunicheka. Lakini nalijua jina hilo kila asubuhi, linakaa nyuma ya meno kama tembe ambayo haijayeyuka, na siku nilipolitambua hilo, nikiwa napepeta mtama, niliacha ungo nikakaa chini. Nilikumbuka midomo ya bibi juu ya kisima. Naye alikuwa amelibeba jina la mkwe wake maisha yake yote ya ndoa na ya ujane. Na siku ile, mbele ya watu wote, mahali ambapo maji peke yake yangeweza kusikia, alilisema.